Simu Zimejaa, Chanjo Imepata Joto

Simu zote zilikuwa zimejaa chaji. Nilizikuta zimepangwa kwenye kiti cha nyuma cha pikapu yetu, kila moja na waya wake, na vioo vyote vikionyesha kwamba hakuna nafasi ya kuongeza tena. Friji ya chanjo iliyofungwa nyuma ya kiti hicho ilikuwa imezima. Betri iliyowekwa kwa ajili ya friji ilikuwa imekwisha kabisa. Betri ya gari lenyewe nayo ilikuwa imekwisha, na dereva alipozungusha ufunguo tulisikia mlio mmoja mdogo chini ya boneti, kisha kimya.

Hatua chache kutoka pale, kando ya birika refu la saruji la kisimani ambako mifugo hunywa maji, mama mmoja alikuwa amezuia mbuzi wake tangu jana yake wasiende malishoni. Alifanya hivyo kwa sababu nilimpelekea habari kwamba ninaleta chanjo. Majirani zake walikuwa wameshahama. Ugonjwa wa mbuzi, ule unaoanza na machozi na kamasi na kuishia kwa kuhara, ulikuwa umeingia kwenye zizi la jirani yake mmoja, na mbuzi wa mama huyu ndio pekee waliomsalia baada ya ukame uliopita. Karibu na kisima hapakuwa na jani lolote la kula. Ikiwa chanjo ile imekufa kwa joto, basi alikuwa amewashindisha mbuzi wake njaa bure, na kesho yake angewaswaga kwenda kuchanganyika na wagonjwa wakiwa hawana kinga.

Ninapoandika haya bado nina hasira. Kinachonikera zaidi ni kwamba nyaya za friji ile zilifungwa vizuri. Najua, kwa sababu nilisimama pale pale fundi alipokuwa akizifunga.

Mimi ni mtu wa bara, niliyeletwa Garissa na kazi ya kuchanja mifugo. Kabla ya friji tulikuwa tukitumia kasha la barafu. Barafu ya Garissa haina subira. Unatoka mjini alfajiri vifurushi vya barafu vikiwa vigumu kama matofali, na jua likishapanda unaanza kusikia maji yakicheza ndani ya kasha kila gari linapopita kwenye shimo. Kwa hiyo tulichanja mbuzi waliokuwa karibu na barabara, na waliokuwa mbali zaidi ya pale barafu inapoyeyukia tuliwaacha. Kila mtu ofisini alijua hivyo. Hata ramani ya kazi yetu ilifuata barafu badala ya kufuata ugonjwa.

Niliomba friji ya gari. Niliomba mara nyingi hadi mkuu wangu akaanza kuniita Bwana Friji mbele za watu. Hatimaye ilikuja, ndogo, yenye mfuniko juu, na waya wake mmoja unaochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Nilikataa kuitumia hivyo. Tundu lile lina waya mwembamba uliokusudiwa kazi ya muda mfupi, na nilishaona gari la mwenzangu mmoja ambalo tundu lake lililainika kama mshumaa kwa sababu ya kubeba friji siku nzima. Nikaandika tena kuomba friji ifungiwe njia yake ya umeme. Jibu lililorudi lilisema gari la ofisi halitobolewi bila kibali. Kibali cha kutoboa tundu lisilozidi upana wa kidole kilichukua msimu mzima wa mvua.

Fundi wa umeme wa magari tuliyemwendea ana kibanda chake upande wa barabara inayoelekea soko la mifugo. Ni mtu wa maneno mengi na mikono isiyo na haraka. Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua waya wa hasi kwenye betri, ndipo akagusa vingine. Kisha akauliza friji inakula umeme kiasi gani, akasoma kibandiko kilicho chini yake, akachagua waya mnene kuliko niliotarajia.

"Huo si mkubwa sana?" dereva wetu alimuuliza. Dereva ni mwenyeji, mtu wa makamo, anayeijua kila njia ya ngamia kutoka Garissa hadi mpakani.

"Njia ni ndefu," fundi akajibu. "Umeme ukitembea mbali kwenye waya mwembamba, unafika umechoka na waya unapata moto. Wewe ungekunywa maji ya tangi lote kwa mrija wa soda?"

Aliweka betri ya pili chini ya boneti, akaifunga kwa mkanda wa chuma isirukeruke. Kati ya betri mbili aliweka rilei, swichi inayojifunga na kujifungua yenyewe: injini ikiwaka, betri zote mbili zinachajiwa, injini ikizima, zinatengana, ili friji isile betri ya kuwashia gari. Fyuzi ya friji aliiweka karibu kabisa na betri, umbali wa kiganja, kwa sababu, alisema, waya ukikatika na kugusa bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, fyuzi hiyo ni ya nini? Mahali waya unapopita kwenye bati kuingia ndani, aliweka pete ya mpira ili bati lisiukate. Akaupitisha mbali na eksozi, ndani ya bomba jeusi la plastiki. Waya wa hasi aliufunga kwenye chasisi baada ya kukwangua rangi hadi chuma kikang'aa. Alipomaliza alivuta kila kiungo kwa nguvu, kama anayejaribu kamba ya punda.

Halafu akamgeukia dereva. "Sikiliza, mzee. Waya huu usiuguse. Si wako. Ni wa mbuzi."

"Mbuzi!" dereva akasema, akiwatazama wote waliokaa pale kivulini. "Mnasikia? Mbuzi wamepata stima. Mama yangu huko nyumbani bado anatumia tochi."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Ningejua, ningeyachukua maneno yale kama onyo.

Katika sehemu hii ya nchi, gari likisimama porini, watu hutokea. Unazima injini mahali unapodhani hapana mtu, na kabla hujamaliza kunywa maji, kijana anakuja na ngamia wake watatu, halafu wanawake wenye madumu, halafu mzee. Wanasalimia, wanauliza habari za mvua huko mlikotoka, na baada ya habari mkono unaingia mfukoni na simu inatoka. Haiombwi kwa maneno mengi. Inanyooshwa tu, pamoja na waya wake, kama mtu anavyonyoosha kikombe palipo na birika la chai.

Dereva wetu hajawahi kukataa simu ya mtu. Nilipomkataza mara ya kwanza alinitazama kama niliyesema tusijibu salamu.

"Daktari," akaniambia, "mtu akiwa na kiu na wewe uko na maji, utamwambia maji ni ya ofisi?"

"Simu si kiu."

"Nani alikwambia? Huyu akipiga simu anajua kama kisima cha mbele kiko na mafuta ya jenereta ya kuvuta maji. Kama haiko, atapeleka ngamia pale wafe. Hiyo si kiu?"

Alikuwa na hoja nyingine ambayo hakuisema siku ile lakini niliiona mwenyewe mara nyingi. Watu wale wale ndio walituonyesha njia iliyokatika kwa maji, ndio waliotusukuma kwenye matope, ndio waliotuambia leo msipite kule. Gari lisilochaji simu za watu ni gari lisilo na ndugu njiani.

Kwanza alichajia kwenye tundu la sigara, simu moja moja, na hilo nililivumilia. Kisha akanunua inveta katika soko la Hagadera, kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, pamoja na ekstensheni ya mbao yenye soketi nyingi. Tundu la sigara halikuweza kuvibeba. Akatafuta waya wenye nguvu ndani ya gari, na waya wenye nguvu ulikuwa mmoja tu. Nyuma ya kiti, palipofichwa na zulia, alichuna ngozi ya waya wa friji akafunga juu yake waya mwembamba wa taa, akauzungushia tepu nyeusi.

Niligundua kwa sababu fyuzi ilikatika tukiwa safarini. Fyuzi ile ilifanya kazi yake sawasawa: ilipewa mzigo usio wake, ikakataa. Dereva aliiona kwa namna nyingine.

"Fyuzi ya huyu fundi ni mwoga," alisema akiishika juani. "Ikiona kazi kidogo, inajiua."

Nilimwamuru aondoe inveta. Akaiondoa. Safari iliyofuata ilikuwa imerudi. Nikaiondoa mwenyewe na kuifungia kabatini ofisini, akanunua nyingine. Sikuwahi kumwona akibishana. Alikuwa akisema "sawa, daktari" kwa upole kabisa, na porini simu zinanyooshwa, na yeye ni yeye.

Nilirudi kwa fundi. Yeye hakushangaa. Alisema kuna njia rahisi: tuwafungie watu wa simu njia yao wenyewe, yenye waya wake na fyuzi yake, itokayo kwenye betri kubwa ya kuwashia gari na kufanya kazi injini inapowaka tu. Injini ikizima, soketi zinazima. Friji ibaki na njia yake isiyoguswa. Kazi ya asubuhi moja. Nilikwenda kwa mkuu wangu nikiwa na furaha ya mtu aliyepata dawa.

"Tuombe kibali cha kuchaji simu za wananchi kwa gari la ofisi?" aliniuliza.

"Tunazichaji tayari. Naomba tuzichaji salama."

"Nikitia sahihi hapo, nimekubali kwamba zinachajiwa."

"Lakini zinachajiwa."

"Sijui hilo," akasema. "Na wewe hujaniambia."

Jambo likaishia hapo. Jambo ambalo kila mtu analiona halikuweza kufungiwa fyuzi kwa sababu kwenye karatasi halipo.

Siku ya mama wa mbuzi tulitoka Garissa mapema, tukashika barabara ya kuelekea Hagadera, kisha tukaiacha na kuingia mchangani. Niliangalia friji mara kwa mara. Kioo chake kilionyesha ubaridi unaotakiwa, na niliendelea na safari nikiwa na moyo mwepesi ambao sasa unanichekesha. Tulipofika kisimani mama alitupokea kwa maziwa ya ngamia na kwa lawama.

"Daktari, mbuzi wangu wanakula mawe hapa," alisema. Kiswahili chake ni cha sokoni; miaka mingi aliuza mbuzi Garissa mwenyewe, hana haja ya dalali. "Wenzangu wamefuata majani. Mimi nimekungoja. Nikikosa chanjo na nikikosa majani, nimekosa mara mbili."

Aliniomba kwanza niende kuwaona mbuzi wagonjwa wa jirani yake, ili tuwe na hakika ugonjwa ni ule wenyewe, kwa maana hakutaka mbuzi wake wachanjwe kitu kisichohusika. Lilikuwa ombi la busara. Zizi lilikuwa mbali kidogo na gari halingepita kwenye miiba. Nikamwambia dereva aegeshe kivulini, asifungue friji, asiguse waya. "Sawa, daktari," akasema. Nikaenda na mama kwa miguu. Ugonjwa ulikuwa ule wenyewe. Kulikuwa na mbuzi wamelala wasioinua kichwa hata tulipowagusa.

Tulichelewa. Tuliporudi ndipo nilipokuta simu zimejaa.

Nilichofanya ni kuuliza maswali kwa mpangilio, kwa sababu nikikasirika ndivyo ninavyofanya, na dereva alijibu yote bila kuficha. Tulipoondoka tu, watu walikuja. Aliwasha inveta, injini imezima ili asimalize dizeli. Simu peke yake zingevumilika, lakini mwalimu wa duksi, yaani chuo cha Kurani pale kisimani, alileta betri kubwa ya spika ya adhana. Ilipochomekwa, fyuzi ikakatika na friji ikazima.

"Nikasema, haki ya Mungu, chanjo ya daktari!" dereva alieleza. "Sikukaa hivi hivi. Nilikunja waya, nikaweka pahali ya fyuzi. Friji ikawaka."

"Na inveta?"

"Ikawaka pia."

"Hukuichomoa."

"Mwalimu alikuwa anangoja, daktari. Na ni ya adhana."

Basi mzigo wote ukapita bila mlinzi. Baada ya muda betri ya pili ikachoka, na friji, ambayo imetengenezwa ijizime yenyewe betri inapopungua, ikajizima. Taa yake ilipokufa dereva aliingiwa na wasiwasi wa kweli. Akafungua boneti, akachukua waya mwingine na kuunganisha betri mbili moja kwa moja, akiiruka ile rilei ya fundi. Alitaka betri kubwa iisaidie ndogo. Ikaisaidia hadi zote mbili zikaisha pamoja.

Nikainua zulia nyuma ya kiti. Harufu ilinipiga kabla sijaona kitu. Waya mwembamba wa taa aliouunga ulikuwa umeyeyuka ngozi yake yote na kuacha shaba tupu, na zulia lilikuwa na mstari mweusi uliofuata njia ya waya. Nyuma ya pale tulikuwa tumepakia magunia ya nyasi kavu, zawadi ya mtu kwa ndugu yake. Betri zilikwisha kabla waya haujapata joto la kutosha kuwasha nyasi. Hicho ndicho kilichotuokoa: kuishiwa.

"Ona," nikamwambia dereva. Aliona. Akasema, "Alhamdulillah," na sikujua anashukuru nini kati ya mambo mengi.

Wenye simu walikuja kuchukua simu zao, na walipojua gari haliwaki walikaa kusaidia. Tulisukuma. Wanaume wote wa kisimani walisukuma, mwalimu wa duksi akiwa mbele kabisa, kanzu imefungwa kiunoni. Gari lilizama mchangani na kusimama. Wakasukuma tena, wakipiga kelele za kutiana moyo na kutaniana.

"Adeer, gari yako imekuwa ngamia mzee!" kijana mmoja alimwambia dereva, akimwita baba mdogo.

"Ngamia mzee akikataa unamwimbia," mwingine akasema. "Imba wewe, sauti yako ni ya kumwinua ngamia mwenye mzigo."

Walicheka sana. Mimi nilikuwa nimeshika mfuniko wa friji kwa mikono miwili, kana kwamba kuushika kungezuia joto lisiingie.

Lori la mifugo lililokuwa likirudi kutoka Hagadera lilipita jioni ikikaribia, na dereva wake akatupa umeme wa betri yake kwa nyaya nene. Pikapu ikawaka. Hapo tu ndipo nilipofungua friji. Vifurushi vya barafu nilivyoweka humo kwa tahadhari vilikuwa maji. Kipimajoto nilichoweka kati ya chupa kilikuwa kimepita mstari ambao karatasi ya chanjo inasema usipitwe. Kilikuwa kimeupita waziwazi, ingawa si kwa mbali sana. Hapo ndipo shida yangu yote ilipo. Chupa zikikutwa moto kama chai, unazitupa na unajua umefanya nini. Zile zilikuwa na ubaridi wa maji ya mtungi. Chanjo ya unga mkavu kama ile inaweza kuhimili joto kidogo kwa muda mfupi. Kidogo kiasi gani, na muda mfupi ni upi, chupa haisemi. Iliyo hai na iliyokufa zina rangi moja.

Nilipanda juu ya lori kutafuta mtandao nikampigia mkuu wangu. Nilimweleza kila kitu isipokuwa simu, kwa kuwa simu hakutaka kuzijua.

"Karatasi inasemaje?" akauliza.

"Inasema nitupe."

"Sasa?"

"Nikitupa, nyingine italetwa lini?"

"Hilo siwezi kukuahidi."

"Mama huyu anahama kesho."

"Basi tumia busara," akasema. "Wewe ndiye uko huko."

Nilishuka. Mama alikuwa amesimama kando ya lori muda wote, amesikiliza upande mmoja wa mazungumzo, na ulimtosha.

"Dawa iko hai au imekufa?" akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Wewe daktari hujui?"

"Mimi daktari sijui. Imepata joto. Inaweza kuwa nzima, inaweza kuwa maji tu."

Alimgeukia dereva wakasemezana kwa Kisomali. Dereva alimwita eedo, shangazi, na sauti yake ilikuwa chini. Sijui kama alimwambia habari ya betri ya spika. Nilimwona mama akitazama upande wa duksi, halafu akitazama mbuzi.

"Itawadhuru?" akauliza.

"Haiwezi kuwadhuru. Ikiwa imekufa, haitafanya kitu."

"Basi chanja. Na ukate alama."

Mbuzi aliyechanjwa hukatwa alama ndogo pembeni mwa sikio. Alama ile haifutiki. Wanunuzi wa Garissa wanaitazama, na timu za chanjo zinazokuja baadaye zinaitazama pia: mwenye alama anapita, asiye nayo anashikwa. Nilimwambia nitachanja lakini sitakata.

"Kwa nini?" Hasira yake ilipanda ghafla. "Umenikalisha hapa, mbuzi wamekonda, sasa unaniibia na alama? Bila alama nani ataamini wamechanjwa?"

"Na wakiwa na alama, nani atawachanja tena? Kama hii imekufa, nitakuwa nimewafungia mlango."

"Tena? Wewe utakuja tena?" Alicheka kwa namna ambayo ningependa kuisahau. "Na gari hii?"

Dereva aliinamisha kichwa. Tulichanja jua likiwa linateremka, injini ikinguruma kwa sababu hakuna aliyethubutu kuizima. Wale wale waliosukuma gari walishika mbuzi mmoja mmoja, wakawaleta mbele yangu, wakawaachia. Mwalimu wa duksi alishika kuliko wote. Nilipofunga friji mama alinipa namba ya mpwa wake aliye mjini, ambaye angejua wako wapi, kisha akawaswaga mbuzi wake kuelekea upande wa mawingu. Masikio yao yalikuwa mazima.

Tuliporudi Garissa niliandika maelezo ya yote, safari hii pamoja na simu, inveta na spika ya adhana. Yalirudi yakiwa na alama ya kuuliza pembeni mwa neno "wananchi". Fundi alibadilisha waya wote ulioungua, akaweka fyuzi mpya pale pale karibu na betri, akalaani kidogo. Njia ya pili ya soketi bado haijafungwa. Kibali kinashughulikiwa. Dereva sasa anaacha injini ikiunguruma kila anapochaji simu, na ofisi imeniuliza kwa nini dizeli inaisha mapema.

Kuna njia moja ya kujua kama chanjo ile ilifanya kazi: kuchukua damu ya wale mbuzi baada ya majuma kadhaa na kuipima. Nilipanga kwenda. Mpwa wa mama aliniambia mvua imenyesha upande wa Wajir Magharibi na shangazi yake amefuata majani huko, labda karibu na Griftu, labda mbele zaidi. Niliomba gari. Gari lilikuwa limepangiwa kazi nyingine.

Juzi mwenzangu wa upande huo alinipigia. Ugonjwa umeonekana katika kundi moja lililopiga kambi si mbali na soko la Griftu, mbuzi wasio na alama masikioni. Nikamuuliza ni wa nani. Alisema hawajui bado, wamekuta mizoga na jivu la moto, wenyewe wamehama. Nimempa maelezo ya mama na jina la kisima alichotoka. Ameahidi kuuliza. Damu ya mbuzi wa mama bado haijachukuliwa.